Mateka wa Mtani

Kipindupindu kilipoingia kijijini kwetu, mwaka ule wa mvua za El Nino, mwenyekiti Bernardo alitafuta mtu wa kukitangaza akaniteua mimi. Sauti ninayo, kidato cha nne nimemaliza, na kipaza sauti cha mkononi nilikuwa nacho tayari. Kwa sifa hizo nilifaa kabisa. Tatizo ni kwamba mimi ni mtani.

Babu yangu alikuja huku na misafara ya Wanyamwezi, akachoka njiani, akabaki Dodoma mjini akiuza chumvi. Baba akahamishia duka hapa kijijini, ng'ambo ya reli ukitoka Ihumwa. Wagogo na Wanyamwezi wanataniana tangu misafara hiyo, na utani una sheria zake. Mtani akikutukana hukasiriki, unamrudishia. Akikuambia nyumba yako inaungua, unamjibu kwamba afadhali, ulikuwa unasikia baridi.

Halafu kulikuwa na kile kipaza sauti chenyewe. Kilikuwa mali ya Munir, mfanyabiashara wa mjini aliyekodi ukumbi wetu wa maendeleo. Ukumbi huo wazee waliujenga kwa kujitolea enzi za ujamaa, tofali za kuchoma na bati, kwa ajili ya mikutano, ngoma na kisomo cha watu wazima. Soko huria lilipokuja kisomo kilikufa, pampu ya kisima ikafa kwa kukosa dizeli, na ukumbi ukapata mpangaji. Munir alileta jenereta, televisheni na deki, akaniajiri mimi kutafsiri. Wachina walipigana kwa Kiingereza, mimi nikawapiganisha kwa Kiswahili, na pale nisipoelewa niliongeza matusi. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Kila Jumamosi nilizunguka kijiji kizima na kipaza sauti kutangaza picha ya siku hiyo.

Basi nilipopita na kipaza sauti kilekile, sauti ileile, nikiwataka watu waende ukumbi uleule, mambo yalikwenda hivi:

"Jamani, kipindupindu kimefika! Msinywe maji ya lambo bila kuchemsha! Anayeharisha na kutapika aletwe ukumbini haraka!"

"Kiingilio shilingi ngapi?" mtu akauliza nyuma ya ua.

"Hakuna kiingilio. Ni ugonjwa."

"Stelingi nani?"

"Hakuna stelingi, ndugu yangu. Watu wanakufa."

"Stelingi hafi, Hanifu. Usituharibie picha."

Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Marko. Jina lake Scolastika, mjane, mpika pombe ya mtama, mwanamke mnene mwenye ulimi ambao ungefaa kukatia kuni. Nyumba yake ipo karibu na lambo, na mimi nilikuwa sipiti pale bila kulipa ushuru wa matusi.

"Mnyamwezi!" aliniita akiwa amesimama kando ya pipa lake la pombe. "Huko ukumbini mtu anaingia kwa nini?"

"Kwa kuharisha, Mama Marko."

"Basi wewe uliingia zamani, kwa huo mdomo."

"Chemsha maji, mtani. Sitanii."

"Babu yako naye alisema hatanii. Akaachwa hapa na mwenye msafara kama gunia lililotoboka, mpaka leo tunaokota kilichomwagika. Si ndiyo wewe?"

Wanywaji wakaangua kicheko, wakapokezana kata ya pombe. Pombe yenyewe ilikuwa imechemshwa nusu siku, haina neno. Kata ilikuwa imesuuzwa kwa maji ya lambo.

Ukumbini, wakati huo, kazi ilikuwa imeshaanza. Munir aliposikia neno kipindupindu alikuja na pikapu, akabeba televisheni na deki, akaacha jenereta kwa sababu ilikuwa nzito na mimi kwa sababu sikuwa na thamani. Bwana afya alitoka mjini na mfuko wa unga wa dawa wenye harufu ya kuchoma pua. Nesi Raheli alitoka zahanati ya kata na boksi la dripu. Tuliyabana mabenchi ya video mawilimawili kwa kamba, tukaazima vitanda vya kamba, kila kitanda kikakatwa tundu katikati na ndoo ikawekwa chini. Mlangoni tulitandika gunia lililolowekwa dawa, kila mtu akanyage kuingia na kutoka. Chupa za dripu zilining'inia kwenye misumari ambayo Munir alikuwa ametundikia shuka la kuzuia mwanga. Ukutani maandishi yalibaki: WAKUBWA 50, WATOTO 20, KUTEMA MATE MARUFUKU. Raheli aliyasoma akasema hayo ya mwisho tuyaache.

Kitu kimoja tu kilikosekana, wagonjwa. Hawakukosekana kijijini. Walikuwa majumbani, wananyweshwa mizizi, na kila asubuhi kulikuwa na kilio mahali.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Mzee Yohane, kaka yake Scolastika. Walimleta baada ya kumaliza kila mganga, ngozi imesinyaa, macho yameingia ndani, ukimfinya mkononi mkunjo unabaki umesimama kama wa kitambaa. Raheli alitafuta mshipa mpaka jasho likamtoka. Mzee akafa kabla sindano haijaingia. Bwana afya akamnyunyizia dawa, akamfunga kwenye nailoni, akamzika siku hiyohiyo na vijana wawili waliovaa mabuti. Ndugu walisimama mbali nyuma ya kamba. Hawakumwosha, hawakumgusa. Hata mimi nilizuiwa.

Hili la mimi kuzuiwa nalieleza, maana ndilo lililoleta yote yaliyofuata. Kwenye msiba wa Mgogo, mtani Mnyamwezi ana kazi zake. Anachimba kaburi, anapika, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukoroma. Anajilaza kaburini akikataa kutoka mpaka apewe kitu. Tena anaruhusiwa kuteka chochote cha nyumba ile, sufuria, kiti, mbuzi, na wenye msiba hawaruhusiwi kununa, wanakikomboa tu. Haki hiyo haiishi mpaka matanga yaanuliwe. Mzee Yohane alikuwa mtani wangu wa miaka mingi, na nilijua kukoroma kwake vizuri sana. Nilifika na jembe begani, bwana afya akaniambia nirudi nyuma ya kamba kama wengine.

Kijiji kilielewa jambo hilo kwa namna yake: aliyeingia ukumbini ametoka kwenye nailoni, bila ndugu na bila mtani. Kuanzia hapo nikipita na kipaza sauti hawakunicheka tena. Walifunga milango.

Siku ya pili baada ya maziko nilipita kwa Mama Marko. Msiba ulikuwa pale kwake, kwa sababu Yohane hakuwa na mke. Wanawake walikaa uani kwenye mikeka. Pipa la pombe lilikuwa limepinduliwa. Yeye mwenyewe sikumwona.

"Mama Marko!" nikaita kwenye kipaza sauti. "Leo umeishiwa mtama au umeishiwa watu wa kuwalewesha?"

Wanawake wakatazamana.

Nikasogea mpaka kwenye ukuta wa udongo, penye dirisha dogo. "Nasikia ninyi Wagogo mvua ikinyesha mnaiogopa, mnadhani mbingu imetoboka. Ndiyo maana umejificha?"

Ndani nilisikia mtu anatapika. Ikafuata sauti nyembamba, kavu, ambayo kama nisingekuwa pale kwake nisingejua ni yake.

"Mnya..." akasema, ikaishia hapo.

Marko, mwanawe, akatoka na fimbo ya kuchungia. Tulisoma wote shule ya msingi, mimi nikaendelea, yeye akarudi kwa ng'ombe, na tangu zamani ndiye aliyekuwa na mikono mikubwa darasani.

"Ondoka, Hanifu."

"Mama ameanza lini?"

"Ondoka na hiyo tarumbeta yako."

"Marko, Raheli anasema mtu akifika mapema anapona. Mjomba alichelewa."

"Mjomba alikwenda mzima wa kuongea. Akazikwa kama takataka ya mjini." Aliiweka fimbo mlangoni kwa kuikingamisha. "Mama atakufa hapa, kama ni kufa. Nitamwosha, nitamzika karibu na baba. Kwenye nailoni hamumtii."

Nilirudi ukumbini nikawaeleza. Raheli aliuliza tangu lini, mara ngapi, bado anazungumza? Nikamwambia ameanza neno hakulimaliza. Raheli alimjua Scolastika, kama kila mtu. Aliketi kwenye benchi.

"Akikaa huko mpaka jioni, sitaupata mshipa wake," akasema. "Itakuwa kama kwa kaka yake."

Bernardo akasema, "Nitume mgambo."

"Ukituma mgambo, mwenyekiti," Raheli akamjibu, "wagonjwa wote watafichwa mashambani. Nitaanza kuwatafuta kwenye mtama."

"Sasa tufanyeje? Hanifu, wewe si unapatana nao?"

"Napatana nao kwa kutukanana, mwenyekiti."

Bernardo alinitazama kwa namna ambayo ilionyesha kwamba hatimaye ameona kasoro ya uteuzi wake. Mimi nilikuwa natazama mkokoteni wa punda uliokuwa nje, ule tuliobebea mafuta ya jenereta. Nilikuwa nafikiria jembe nililorudi nalo begani kutoka makaburini.

"Raheli," nikasema, "matanga ya Mzee Yohane bado hayajaanuliwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo msiba bado upo."

Hakunielewa, yeye kwao Iringa. Lakini Bernardo ni Mgogo. Akajikuna kidevu, kisha akasema taratibu, "Mtu hatekwi."

"Imeandikwa wapi?"

"Haijaandikwa popote," akasema mwenyekiti.

Nilimfunga punda kwenye mkokoteni, nikajipaka majivu usoni, nikavaa koti langu ndani nje, nikaanza kulia tangu ukumbini. Nililia kama inavyotakiwa, kwa sauti ya Mzee Yohane mwenyewe, na kukoroma kwake katikati. Kwenye njia panda nilipishana na Ambokile, Mnyakyusa wa Tukuyu anayefanya kazi kwenye reli. Barabara ya mjini ilikuwa imekatwa na maji, na yeye na wenzake ndio waliokuwa wanatuletea dripu kwa toroli yao ya kusukuma relini.

"Nani amefariki?" akauliza, kofia mkononi.

"Hajafariki bado. Ndiyo namuwahi."

"Unamlilia mtu aliye hai?"

"Ndiyo."

"Kwetu ungepigwa," akasema Ambokile.

"Hata hapa naweza kupigwa. Dripu ziko wapi?"

"Tunazifuata sasa hivi."

"Basi kimbieni, shemeji."

Nilipofika uani kwa Mama Marko, wanawake kwenye mikeka waliinua vichwa. Mwanamke mmoja mzee, Bibi Stumai, aliziba mdomo kwa kanga. Wengine waliinama, na mabega yakaanza kutikisika, haijulikani kwa kulia au kwa nini. Maziko yale ya nyuma ya kamba yalikuwa yamewanyima hata hili.

Marko akatoka na fimbo.

"Nimekwambia nini?"

"Sikuja kwako," nikasema kwa sauti ya mjomba wake. "Nimekuja msibani. Mmenizika mimi Yohane bila Mnyamwezi kaburini, nani kawaruhusu? Nimeamka kudai."

"Hanifu, acha."

"Hanifu yuko wapi? Hanifu mlimweka nyuma ya kamba na jembe lake, akarudi nyumbani mikono mitupu. Haki ya mtani imeliwa kwenye nyumba hii."

"Si sisi tuliokuzuia, ni bwana afya."

"Bwana afya hana utani na mimi. Nyie ndio wenye msiba."

Bibi Stumai akasema kutoka mkekani, bila kuinua uso, "Hapo kasema kweli, Marko. Mtani hakulipwa."

"Basi chukua!" Marko akanyoosha mkono kuonyesha ua mzima. "Chukua pipa. Chukua mbuzi. Nenda."

"Mtani ndiye anayechagua."

"Chagua basi!"

"Nimechagua yule aliye ndani," nikasema, sasa kwa sauti yangu mwenyewe. "Yule mnene."

Punda akapiga chafya. Marko aliinua fimbo mpaka usawa wa bega. Kama angenipiga, angekuwa Mgogo wa kwanza pale kijijini kumpiga mtani msibani, na wanawake wote wangekuwa mashahidi. Hilo alilijua. Mimi nami nililijua, lakini niliitazama zaidi ile fimbo.

"Mtu hatekwi," akasema.

"Mwenyekiti naye kasema hivyo. Nikamuuliza imeandikwa wapi."

Bibi Stumai akafunua uso. Ulikuwa umelowa, lakini alikuwa anacheka kidogo.

"Nilipokuwa binti," akasema, "walimteka babu mmoja kipofu. Akakombolewa kwa debe la mtama."

Sijui kama ni kweli. Sijamuuliza mpaka leo.

Marko akashusha fimbo. Alinisogelea karibu kabisa, akasema kwa sauti ya chini, ya sisi wawili tu. "Haya. Desturi unaijua. Kitu cha kutekwa kinarudishwa kama kilivyochukuliwa. Ukiteka sufuria ikatoboka, unalipa sufuria. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Huyu akitoboka utanilipa nini?"

Nilikuwa nimepanga mpaka kufika pale tu.

"Nakuuliza, Hanifu."

"Sina cha kulipa," nikasema.

"Nilijua huna." Akageuka akaingia ndani. Alitoka akiwa amembeba mama yake mwenyewe, mikononi, kama mtu anavyobeba mwana wa ng'ombe aliyezaliwa porini. Mikono mikubwa ile. Alimlaza kwenye mkokoteni, akamfunika. Mama Marko alifumbua macho akaniona, majivu usoni, koti limegeuzwa. Midomo ilicheza. Akafumba macho tena.

Nilimswaga punda. Nililia njia nzima kwa sababu desturi inataka hivyo.

Ukumbini Raheli alimpokea mlangoni. Alimfinya ngozi, akatazama mkunjo unavyochelewa kurudi. Alijaribu mkono wa kulia, wa kushoto, kiwiko. Bernardo alishika taa ya karabai ingawa kulikuwa mchana. Mwishoni Raheli aliupata mshipa kwenye kifundo cha mguu, na alipoupata alisema neno ambalo manesi hawafundishwi chuoni. Chupa ya kwanza ikaning'inizwa kwenye msumari, bomba likafunguliwa mpaka mwisho.

"Chupa ngapi zimebaki?" nikamuuliza.

"Hii, na nyingine moja. Na huyu anahitaji nyingi."

Nje, Marko alikuwa amekuja kwa miguu nyuma ya mkokoteni. Alisimama kwenye kamba tuliyouzungushia ukumbi, pale ambapo ndugu wanaishia. Hakukaa. Nilimpelekea benchi, hakuligusa. Wanawake wa msibani nao walifika mmoja mmoja wakakaa nyuma yake, kwa hiyo msiba ukawa umehamia nje ya ukumbi, na aliyekuwa anasubiriwa bado anapumua.

Chupa ya kwanza iliisha. Ya pili ikawekwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kijiko: maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi, kijiko baada ya kijiko, akitapika unasubiri kidogo unaanza upya. Nilimwambia kila nilichojua kuhusu Wagogo, cha kweli na cha uongo. Mlenda wao, ng'ombe wao waliokonda, jinsi wanavyohesabu wageni kabla ya kupika. Hakujibu hata kimoja. Alimeza. Kila akimeza Raheli alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwalimu wa kwaya.

Chupa ya pili ilipofika chini kabisa, Raheli alilibana lile bomba kwa vidole, akalipunguza kasi, tone moja moja. "Toroli ikikwama kwenye daraja," akasema, "basi."

Haikukwama. Tuliisikia kabla ya kuiona, magurudumu ya chuma kwenye reli, kisha Ambokile na wenzake wakatokea wakikimbia na maboksi vichwani, matope mpaka magotini. Ambokile alisimama kwenye gunia la dawa akihema, akatazama ndani.

"Ndiye huyu uliyekuwa unamlilia?"

"Ndiye."

"Hajafa?"

"Bado."

"Mnachosha ninyi," akasema, akaenda kuleta boksi jingine.

Asubuhi Raheli alikuwa bado amesimama. Mimi nilikuwa nachochea moto nje, chini ya mapipa ya kuchemshia maji, moja likiwa la Mama Marko, maana mtu akiteka mwenye nyumba si dhambi kuchukua na pipa. Marko alikuwa ameketi chini, mgongo kwenye nguzo ya kamba.

Ndipo Raheli alipopiga kelele ndani. Nilidhani ni kilio cha kifo. Marko naye alidhani hivyo, nilimwona akisimama na kushika kamba kwa mikono miwili.

Raheli akatoka mlangoni, ndoo mkononi, amenyoosha mkono kama mtu aliyeshinda kombe.

"Amekojoa!"

"Nini?" Bernardo akauliza.

"Mama Marko amekojoa! Mkojo kabisa! Figo zinafanya kazi, mwenyekiti! Amepona huyu!"

Mimi sikusubiri kuelezwa. Nilichukua kipaza sauti, nikapanda juu ya mkokoteni, nikautangazia mkusanyiko wa nje, na vitongoji vyote vinavyosikia upande wa lambo na upande wa reli:

"Jamani ee! Mama Marko amekojoa! Narudia, Scolastika, mjane, mpika pombe, amekojoa asubuhi ya leo katika ukumbi wa maendeleo! Nesi amethibitisha! Mwenyekiti ameshuhudia!"

"Sijashuhudia," akasema Bernardo.

"Hanifu!" Sauti ikatoka dirishani, nyembamba lakini nzima. "Shuka hapo, mwanaharamu wewe! Shuka, nakwambia!"

Wanawake walipiga vigelegele mpaka punda akakata kamba. Marko hakupiga kelele wala hakucheka. Alikaa chini palepale alipokuwa, ghafla, kama mtu aliyeondolewa kiti, akajifunika uso kwa ile mikono yake.

Tangazo hilo ndilo la kwanza nililotangaza likaaminiwa. Sielewi mpaka leo kwa nini maji ya kuchemsha hayakuwaingia akilini na mkojo wa Mama Marko ukawaingia. Nadhani waliona kwamba mtu hawezi kulitunga jambo kama hilo. Kabla ya mchana mkokoteni ulikuwa umekwenda mara tatu. Watu walileta wagonjwa wao wenyewe, wakubwa kwa watoto, pamoja na vitanda vyao vya kamba, na Bernardo akashinda anakata matundu kwa panga. Wengine walichelewa. Bwana afya aliendelea kuja na nailoni yake, na waliozikwa walizikwa vilevile, nyuma ya kamba. Lakini sasa aliniruhusu nisimame mbele ya kamba, hatua chache kutoka kaburini, niwaigize marehemu kwa mbali. Alisema haoni madhara yake kiafya.

Siku Raheli alipomruhusu Mama Marko, mwanawe alikuja mpaka kwenye kamba na jogoo kwapani. Alikuwa ameoga, amevaa shati la kanisani.

"Nimekuja kukomboa," akasema kwa sauti rasmi.

Mama Marko alikuwa mlangoni, ameegemea ukuta chini ya maandishi ya kiingilio. Kanga zake zilichomwa, amevaa za Raheli, na unene wake mwingi ulikuwa umebaki ukumbini.

"Hicho nini, Marko?"

"Jogoo, mama."

"Mimi nakombolewa kwa jogoo? Babu kipofu alikombolewa kwa debe zima la mtama!"

"Mateka hapangi bei," nikamwambia.

"Mateka huyu anapanga. Nenda kalete mbuzi. Yule mweupe. Vinginevyo sirudi nyumbani, nalala hapa na Mnyamwezi wangu, ananilisha kwa kijiko."

"Mama, yule mweupe ana mimba."

"Ndiyo vizuri, wawili."

"Mimi jogoo ananitosha," nikasema.

"Wewe nyamaza, mimi ndiye ninayeuzwa."

Raheli akatokea nyuma yake. "Mama, kitanda nakihitaji," akasema. Akanyoosha kidole. Kwenye njia ya lambo mkokoteni ulikuwa unakuja. Punda alikuwa anakimbizwa. Juu ya mkokoteni mtu amelala, na mwanamke anakimbia pembeni ameshika mguu wa yule aliyelala ili usiburuzike.

Mama Marko aliutazama mkokoteni ule mpaka ukafika kwenye mtama. Kisha akakanyaga gunia la dawa, mguu mmoja, halafu wa pili, akijishika ukutani.

"Jogoo atatosha," akasema.

Marko akanipa jogoo akaruka kamba kumshika mama yake, lakini Raheli akamzuia kwa kiganja.

"Mikono kwanza."

Marko akaenda kwenye pipa la kunawia. Alinawa polepole, kila kidole, akapanda mpaka kwenye viwiko, kama mtu anayejiandaa kuchinja. Mama yake alimsubiri juani, hajashikwa na mtu, anayumba kidogo.

Nikamfunga jogoo kwenye nguzo, nikaenda kupokea mkokoteni.